BAADA YA KAZI: Sanduku la Santuri

Katika nyumba nyingi za askari wa zamani limo sanduku moja la bati ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Wengine huweka humo medali na hati za utumishi. Wengine huweka picha za wenzao waliotangulia mbele ya haki. Sajini mmoja mstaafu, akaaye Mbarara si mbali na kambi ya Simba, yeye huweka humo santuri.

Ni santuri zipatazo 60, ndogo kwa kubwa. Kaka yake mkubwa alikuwa na zake, nazo ndizo zilizomfundisha Sajini kusikiliza muziki alipokuwa kijana. Lakini hizo zilipotea mwaka 1979, vita vilipopita Mbarara na majengo mengi ya mji yakabomolewa. Hizi za sasa alizikusanya mwenyewe baadaye, moja moja, kwa mshahara wa askari, wakati wenye mabaa walipokuwa wakiziacha santuri na kununua kanda. Kila alipopata ruhusa alipita kwenye mabaa akiulizia zinazouzwa. Mkewe husema kwamba wengine walirudi likizo na sukari, mumewe alirudi na santuri.

Hivi karibuni sanduku hilo lilileta shauri kubwa nyumbani. Mjukuu wao alikuwa anarudi shule Jumatatu, na ada ilikuwa haijatimia. Siku hizo hizo alitokea dalali mmoja kutoka Kampala, mwenye wateja wa ng'ambo wanaotafuta santuri za zamani za Afrika Mashariki. Alitaja bei ya sanduku zima, na bei hiyo ilitosha kulipa ada ya muhula na kubakiza kidogo. Kabla ya kutoa fedha akasema atamtuma fundi wake azikague.

Mgeni kutoka Nakivale

Fundi huyo ni mkimbizi kutoka Uvira, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika huko Kongo. Anaishi katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, ambako hutengeneza redio, simu na taa za nguvu za jua. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Fundi huja Mbarara mara kwa mara kununua vipuri, na siku ile alikuja pia kuutengeneza mtambo wa Sajini wa kupigia santuri, ambao ulikuwa umekaa kimya kwa muda mrefu kwa sababu ya mkanda uliokatika.

Alipomaliza kazi akafunguliwa sanduku. Alichomoa santuri ya kwanza, akaitazama, akairudisha. Alipochomoa ya tatu akakaa chini.

"Afande," akasema, "hii nilikuwa nayo nyumbani Uvira."

Ilikuwa ni Agwaya, ya Orchestra Makassy. Wapenzi wa muziki wa rika la Sajini wanaijua habari ya bendi hiyo. Ilianzia hapa hapa Uganda, mjini Kampala, chini ya Mkongo aliyejulikana kwa jina la Mzee Makassy. Katika miaka ya 1970, mambo yalipoharibika nchini, ikahamia Dar es Salaam, na huko akapita humo Remmy Ongala, mwana wa Kindu, ambaye baadaye alipata sifa kubwa akiwa na Super Matimila. Mwaka 1982 Makassy walikuwa Nairobi, ambako kulikuwa na studio na viwanda vya kutengeneza santuri, na huko wakarekodi Agwaya, iliyotolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza. Miongoni mwa wapiga gitaa alikuwemo Mose Fan Fan, aliyewahi kuwa katika OK Jazz ya Franco.

"Tazama njia yao," akasema fundi. "Kongo, Kampala, Dar es Salaam, Nairobi. Kila walipofika walikuta mpaka, na kila mpaka waliuvuka na magitaa. Sisi wa Nakivale tunaijua njia hiyo, ila sisi hatukubahatika kubeba magitaa."

Ndogo au kubwa?

Wapenzi wawili wa muziki wakikutana hawakosi la kubishania. Ubishi ulianza mara moja, na mkwewe Sajini, kijana ambaye ni konstebo wa polisi, akavuta kiti asikilize.

Sajini ni mtu wa santuri ndogo, zile zizungukazo mara 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hiyo hauchukui zaidi ya dakika chache, kwa hiyo wimbo wa Kikongo, ambao hupenda kwenda taratibu kabla ya kuchemka, uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno na waimbaji. Upande wa pili aghalabu ulichukuliwa na magitaa yakishindana katika sebene, na watu wakacheza mpaka jasho likawatoka. Kwa maoni ya Sajini, kule kukatika katikati hakukuwa kasoro hata kidogo. Mtunzi alijua santuri itageuzwa, akapanga wimbo wake kwa hesabu hiyo. Yule wa baa alipokuwa akiigeuza, wachezaji walifuta jasho, mwanamume akapata nafasi ya kumwuliza mwenzake jina.

"Ndivyo nilivyolijua jina lako, mama watoto," akasema.

Mkewe hakujibu, lakini alitabasamu.

Fundi akazitetea santuri kubwa, zile za mizunguko 33 na theluthi moja, ambazo upande mmoja huweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Alisema kwamba mtunzi wa kweli hupenda apewe uwanja wa kutosha. Akatoa mfano wa Franco Luambo Makiadi, mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, aliyeiongoza kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1989. Wimbo wake Mario, wa mwaka 1985, unaendelea kwa dakika zaidi ya kumi. Humo Franco anamsimulia kijana msomi anayelishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, huku sauti ya Madilu System ikiingia na kutoka. Habari kama hiyo, akasema fundi, haisimuliwi kwa dakika tatu. Msikilizaji lazima akae na watu wale mpaka awachoke kama wao wenyewe walivyochokana.

Akamtaja pia Samba Mapangala, ambaye naye alipiga muziki Kampala na kundi la Les Kinois kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1977 na hatimaye kuunda Orchestra Virunga. Santuri yao Malako, iliyotoka Uingereza mwaka 1984, ilimfanya mtu amsikie kila mpigaji kwa zamu yake: besi kwanza, kisha magitaa, kisha tarumbeta na saksafoni. Fundi alisema kuisikiliza ni kama kusimama kando ya gwaride likipita kikosi kwa kikosi.

Ubishi wa namna hii haukuwa wa Waafrika peke yao. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, palitokea bendi za roki zilizopenda nyimbo ndefu na mipango mikubwa ya muziki. Yes walitoa Close to the Edge mwaka 1972, na wimbo wenye jina hilo ukajaza upande mzima. Hata ile kampuni ya Virgin iliyoitoa Agwaya ilifungua kazi yake mwaka 1973 kwa Tubular Bells ya Mike Oldfield, ambamo kazi moja ya muziki imejaza pande zote mbili. Mashabiki wa huko nao wamekaa miaka mingi wakibishana kama inafaa kuugeuza upande huo ama kupumzika kwanza. Tofauti ni moja tu. Wale walisikiliza wamekaa kimya vitini, lakini Kampala na Kinshasa aliyekaa kimya kitini alidhaniwa kuwa mgonjwa.

Nusu ya wimbo

Konstebo alikuwa amenyamaza kwa adabu. Sasa akaomba ruhusa ya kusema.

"Wazee wangu," akasema, "siku hizi nyimbo zote zimo katika simu. Mzee akiuza sanduku hili hapotezi kitu. Nitamwekea nyimbo zake zote leo jioni, na mtoto atakwenda shule."

Neno hilo lilikuwa na busara ndani yake, na mama mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa. Kijana akaitoa simu yake, akapiga wimbo mmoja wa bendi ya Wakongo wa Nairobi ambao anaupenda na huusikiliza anapotoka zamu ya usiku. Waimbaji wakaimba, magitaa yakaanza kupanda, na mara wimbo ukafifia na kwisha.

"Na uliobaki?" akauliza Sajini.

"Umekwisha, baba. Ndivyo ulivyo."

Sajini akaingiza mkono sandukuni bila hata kutazama, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwake. Akatoa santuri ndogo iliyopauka lebo, akaiweka mtamboni, akaigeuza upande wa pili. Yakatoka magitaa matatu yakijibizana, na ngoma ikayasukuma, na jirani akachungulia juu ya ua. Kwa dakika nne nzima konstebo hakusema neno. Kwa miaka miwili alikuwa ameupenda wimbo ambao nusu yake hajawahi kuisikia. Aliyeutia katika mitambo ya kisasa alinakili upande wa kwanza tu, naye akasikiliza akiamini kwamba ule ndio wote.

Hapo ndipo fundi alipoweka chini bisibisi yake na kutoa neno lililokuwa likimkaa kooni tangu asubuhi.

"Afande, na wewe mama, nisameheni. Dalali aliniambia niseme kwamba santuri ndogo zimekwaruzika na hazina thamani, apate kulichukua sanduku lote kwa bei ya zile kubwa. Fungu langu liko ndani ya bei hiyo. Lakini hizi ndogo ndizo anazozitaka hasa. Kubwa nyingi zimekwisha kutolewa upya na zinapatikana. Baadhi ya hizi ndogo sijapata kuziona mahali pengine popote."

Alijua anachokisema. Mfano mzuri uko Zambia. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa na bendi za roki zenye nguvu, kama WITCH, waliotoa santuri yao Lazy Bones!! mwaka 1975. Kisha zikasahauliwa. Miaka mingi baadaye kampuni za Ulaya na Marekani zikazitoa upya, na mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda aitwaye Jagari, akaitwa kupiga muziki Ulaya akiwa mtu mzima. Lakini muziki unaotolewa upya lazima kwanza uwe umetunzwa na mtu fulani. Mwezi Desemba mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Orodha ni heshima kubwa. Hata hivyo orodha haiwezi kuuimba upande wa pili wa santuri iliyopotea.

Uamuzi wa mama mwenye nyumba

Sajini alitaka kumfukuza dalali hata kabla hajafika. Mkewe akamzuia. Ada bado ilikuwa ada, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

"Fundi," akasema mama, "zitenge mafungu matatu. Fungu la kwanza, zinazopatikana tena. La pili, tulizo nazo mbilimbili. La tatu, zile ambazo zikitoka humu ndani hazitasikika tena."

Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Fungu la tatu lilipata santuri 19, zote ndogo, nyingine za bendi ambazo hata Sajini hakumbuki ni nani aliyeimba. Mama akaamua kwamba hizo haziuzwi. Zitauzwa zile za fungu la kwanza na la pili.

Lilikuwa neno zito kuliko linavyosikika. Katika fungu la kwanza ilikuwemo Mario, ambayo Sajini aliinunua mwaka aliooa, na nyingine nyingi alizozipenda kwa dhati. Zilizobaki sandukuni ni zile ambazo alikuwa hazipigi sana. Alimtazama mkewe kama askari anavyomtazama mkubwa wake baada ya amri asiyoipenda. Kisha akaanza kuzifungasha kwa magazeti, akiupangusa kila uso kwanza.

Dalali alipofika na kukuta santuri ndogo hazimo, alikunja uso na kupunguza bei. Fedha alizotoa hazikufika hata nusu ya ada. Konstebo akaongeza alichokuwa amewekea godoro jipya, na mbuzi mmoja akauzwa. Mjukuu aliingia shule siku ya Alhamisi, amechelewa siku tatu, na akaandikwa kwenye kitabu cha wachelewaji. Fundi hakupata fungu lake. Alipewa ujira wa mkanda wa mtambo na nauli ya kurudi Nakivale.

Lakini kabla hajaondoka mama alilirudia fungu la kwanza, kabla halijafungwa kamba, akaitoa Agwaya na kuirudisha sandukuni.

"Hii nayo haiuzwi," akasema. "Fundi akija kununua vipuri atataka kuisikiliza."

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu siku hiyo, fundi akija mjini hupita nyumbani kwa Sajini akiwa na waya wa kuunganisha mtambo na kompyuta ndogo ya konstebo, na santuri zile 19 zinanakiliwa moja baada ya nyingine, pande zote mbili. Ubishi wa ndogo na kubwa haujapata mshindi mpaka leo.

Kutunza santuri nyumbani

Wenye santuri nyumbani yafaa wazingatie haya. Santuri isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe chini ya nyingine, kwa maana uzito huipinda. Iwekwe mbali na jua na mbali na paa la mabati, kwa kuwa joto huilegeza na ikishapinda ni shida kuinyoosha. Ishikwe kwa ukingo na kwa katikati penye karatasi, kwani mafuta ya vidole hukamata vumbi, na vumbi hula mifereji ya sauti.

Santuri ya plastiki ikichafuka, ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi na tone la sabuni isiyo kali, kwa kufuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zile nzito za kale zizungukazo mara 78 zisiguswe kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha utomvu zilizotengenezwa nao. Hizo nazo huvunjika kama sahani zikianguka. Sindano iliyochakaa ibadilishwe mapema. Sindano ni rahisi kununua kuliko santuri.

Mwisho, ajuaye kununua na ajue na sheria. Mwenye santuri anamiliki ile santuri, hamiliki wimbo. Haki za watunzi na wapigaji zinalindwa nchini Uganda na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kunakili nyimbo za wengine ili kuziuza bila idhini ni kosa. Kabla ya kuuza sanduku zima, lifunguliwe kwanza, kila santuri itazamwe, na kila moja ipigwe pande zote mbili.